Moto wa Nani?

Kuna kauli moja iliyozagaa kila wanapokutana watu wa umri wangu, na siku hizi hata vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa wakati huo wameidaka. Kauli yenyewe ni hii: "Wakati wa mkoloni, faya ilikuwa faya." Husemwa kila nyumba inapoteketea na gari la zimamoto likafika majivu yamekwisha kupoa, au likawahi lakini tangi lake likiwa kavu. Hapo mtu hutikisa kichwa na kuanza kusimulia: kengele ilikuwa ikilia mara moja tu, watu wako juu ya gari, kofia zinang'aa, shaba imesuguliwa, mpira umekunjwa barabara, maji tele. Kisha humalizia kwa kusema kwamba sisi tulipokabidhiwa nchi tuliharibu kila kitu.

Nataka kuipinga kauli hiyo. Siipingi kwa sababu nawatetea wanaofika na matangi makavu, hao nitawafikia. Naipinga kwa sababu ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hudanganya watu wengi kuliko uongo mzima. Anayesema faya ya mkoloni ilifika haraka hajajibu swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeanza nalo: ilifika kwa nani?

Mimi ni mkazi wa Goweko. Kwa msomaji asiyepajua, hapa ni kituo cha Reli ya Kati, upande wa mashariki ya Tabora. Ukitokea pwani unapita Nyahua, unafika kwetu, kisha unakwenda Igalula. Reli hii iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika nchi yetu ya Unyamwezi haikwenda mbali na njia ya misafara waliyoikanyaga wapagazi kwa miaka mingi kabla yake. Katika maisha yangu hapa nimeona nyumba zikiungua, mabani ya tumbaku yakiungua, mashamba yakiungua na pori likiungua. Gari jekundu likija kuzima moto sijaliona hata siku moja. Kwa hiyo naona ninayo haki ya kuuliza swali hilo, kwa niaba yangu na ya majirani zangu.

Tuanze na asili ya chombo chenyewe. Watu hudhani kwamba kikosi cha zimamoto kilibuniwa kwa huruma, kwamba wakubwa waliona watu wanateketea wakasikitika. Sivyo. Baada ya moto mkubwa ulioteketeza London mwaka 1666, waliounda vikosi vya kuzima moto katika mji ule walikuwa makampuni ya bima. Kampuni ilibandika kibao chake cha chuma ukutani mwa nyumba iliyokatiwa bima, na kikosi chake kilikuwapo ili kampuni isije ikalipa fidia kubwa. Mwaka 1833 makampuni hayo yaliunganisha vikosi vyao vikawa kimoja. Ilipita zaidi ya miaka 30, na moto mwingine mkubwa wa mwaka 1861 kwenye maghala ya kando ya mto Thames, ndipo sheria ya mwaka 1865 ikaifanya kazi hiyo kuwa ya umma. Kwa maneno mengine, kikosi cha zimamoto cha Kiingereza kilizaliwa kuwa mlinzi wa mali kwanza, na mlinzi wa roho za watu baadaye.

Hicho ndicho chombo kilichopakiwa melini kikaletwa kwetu, nacho kilikuta mahali panapokifaa kabisa. Tazama Dar es Salaam ilivyopangwa na Wajerumani na baadaye Waingereza: Uzunguni kuna nyumba za mawe na bustani, Uhindini kuna maduka na maghala, Uswahilini kuna vibanda vya miti na udongo vilivyoezekwa makuti. Mnazi Mmoja paliachwa pawe wazi ili patenge Uhindini na Uswahilini. Mabomba ya maji na barabara za maana vilianzia ule upande wenye mali. Sasa, gari la zimamoto ni kitu gani pasipo bomba la mtaani la kujazia maji na pasipo barabara ya kupita? Ni ngoma tu ya chuma. Hata kama mkuu wa kikosi angekuwa malaika, mji ulikuwa umekwisha kumwamulia aende wapi na asiende wapi.

Watu wa Uswahilini hawakukaa wakingoje. Wengi walikusanya madebe matupu, wakayapasua, wakayanyoosha, wakaezekea nyumba zao badala ya makuti. Wapita njia walizicheka zile paa zenye kutu. Mimi nasema zile paa za madebe zilikuwa kikosi cha zimamoto cha maskini. Hazikuwa na kengele wala shaba, lakini cheche ikidondoka juu yake inakufa.

Nije sasa kwenye watumishi, maana hapa ndipo hadithi ya faya nzuri ya mkoloni inapovuja kama debe lililotoboka. Wale wanaoisifu huzungumza kana kwamba Waingereza walikuwa wakizima moto wenyewe. Mkuu alikuwa Mzungu, kweli. Lakini aliyevuta mpira, aliyepanda ngazi, aliyevuta moshi kifuani na aliyesugua ile shaba tunayoambiwa iling'aa, alikuwa Mwafrika. Huku kwetu tunaijua vizuri kazi ya namna hiyo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu na majora ya nguo kati ya Tabora na Bagamoyo. Mzigo haukuwa wao na faida haikuwa yao, ila mabega yalikuwa yao. Mzimamoto wa mji wa kikoloni alikuwa mpagazi aliyevishwa kofia. Alibeba mpira wa maji kwenda kuokoa nyumba ambayo yeye asingeruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele.

Tena kazi hiyo ilichanganywa na kazi nyingine. Hapa Tanganyika uzimaji moto ulifungamanishwa na polisi, na Kampala vilevile kwa muda mrefu ulikuwa mkononi mwa polisi. Fikiri maana yake. Mkono uleule unaokudai stakabadhi ya kodi usiku ndio unaotarajiwa kuja kukuokoa usiku. Nani angeupigia yowe mkono huo?

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wasomi wetu wengi hulionea aibu. Karibu Afrika Mashariki nzima, neno mzimamoto liligeuka kuwa la kutisha. Kenya walisema wazimamoto, Uganda wakasema bazimamoto, na maana yake haikuwa mtu wa kuzima moto bali mtu anayekamata watu usiku na kuwanyonya damu. Kwetu Tanganyika jina lililovuma zaidi ni mumiani, na wengine walisema chinjachinja. Neno mumiani ni la zamani. Limo katika kamusi ya Kiswahili ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, likielezwa kuwa dawa ambayo wenyeji waliamini Wazungu waliitengeneza kwa damu ya binadamu. Uvumi huu haukuwa mchezo. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, tuhuma za mumiani ziliishia kwenye ghasia, na askari polisi akauawa.

Mauaji ni mauaji, na sitamtetea aliyeua. Lakini sikubali pia kicheko cha wale wanaosema, "Tazama ujinga wa wazee wetu, waliogopa gari la maji!" Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, alizungumza na wazee wa Kenya na Uganda, akachapisha kitabu juu ya uvumi huu mwaka 2000. Badala ya kuucheka aliuchukua kama ushahidi wa jinsi watu walivyoiona dola ya kikoloni. Nadhani alifanya haki, na mimi nitakwenda mbele kidogo kuliko mwanahistoria anavyoruhusiwa kwenda.

Jiweke mahali pa mtu aliyetoka kijijini miaka ya 1930 akaenda mjini kutafuta kazi. Anaona jengo lenye milango mipana iliyofungwa. Ndani yake wamo Waafrika wenzake wanaolipwa mshahara na Wazungu kwa kukaa wakisubiri. Mara kengele inalia, wanaruka juu ya gari jekundu, wanakwenda mbio na mipira na ndoo. Siku nyingine hakuna moto wowote, lakini wanatoka vilevile, maana lazima wafanye mazoezi. Wanatoka hata usiku wa manane. Mtaani kwake anapokaa yeye, kibanda kikiungua, hawaonekani. Mtu huyu akijiuliza, "Hawa watu wanalipwa kwa kazi gani hasa?", swali lake lina kosa gani? Hakuna aliyemweleza. Jibu alilopewa na uvumi lilikuwa la uongo: hakuna damu iliyonyonywa kwenye kituo cha zimamoto. Lakini swali lenyewe lilikuwa la kweli, na lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa juu ya chombo hicho: huyu ananifanyia kazi mimi au anaifanyia kazi mali ya mwingine? Wazee wetu walikosea jibu. Sisi tunaowacheka hata swali hatujaliuliza.

Kadhalika watu husahau kwamba serikali hiyohiyo ilijua kuwakusanya wanavijiji kwa ajili ya moto ilipotaka. Huko Shinyanga, jirani zetu, katika miaka ya 1920 Mwingereza mmoja aliyeitwa Swynnerton aliwashawishi watu waache kuchoma nyasi kiholela, wasubiri hadi mwisho wa kiangazi, kisha wachome kwa pamoja moto mkali wa kuangamiza vichaka vya mbung'o. Watu waliitika, wakapangwa, wakasimamia moto juu ya eneo kubwa la nchi. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mwanakijiji hawezi kupangwa kufanya kazi ya moto. Aliweza kupangwa kuuwasha. Ila hakukuwa na aliyeona faida ya kumpanga, kumfundisha na kumpa vifaa vya kuuzima pale ulipokuwa ukiteketeza nyumba yake mwenyewe.

Basi uhuru ukaja mwaka 1961. Nani alikichora upya kile kiduara cha mkoloni? Tulibadilisha bendera, tukabadilisha majina ya mitaa, tukamweka Mwafrika kwenye kiti cha mkuu wa kikosi, jambo ambalo lilikuwa haki na lilikuwa limechelewa. Lakini kiduara kilibaki palepale. Faya ilikaa chini ya mabaraza ya miji, na neno lenyewe linasema: ya miji. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, mabaraza ya miji nayo yakafutwa, yakaja kurudishwa mwaka 1978 baada ya miji kuchakaa. Katika vurugu hizo pampu zilizeeka, matangi yakatoboka, mabomba ya mitaani yakafukiwa na lami au yakajengewa vibanda juu yake. Hapo ndipo anapopata nguvu yule mwenye kauli ya "faya ilikuwa faya", na kwa hilo namkubalia: kuacha tangi la gari la zimamoto likae tupu ni uzembe usio na udhuru, na anayepokea mshahara kwa kazi hiyo hapaswi kumtaja mkoloni kama kisingizio. Miaka zaidi ya 60 inatosha kuziba tundu la tangi.

Mwaka 2007 ilipitishwa Sheria Namba 14 iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, likawa chombo kimoja cha taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi. Nilisema, sasa angalau si faya ya mji fulani, ni ya taifa. Tukapata namba ya simu ya dharura, 114, ya kupiga bila malipo. Tukapata vilevile wakaguzi na ada za ukaguzi. Ada zilijua njia ya kutoka mjini upesi kuliko magari.

Lakini moto wenyewe hauko mjini peke yake. Nitaje mifano mitatu tu. Mwaka 1994 bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, liliteketea wakafa wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2009 bweni la Idodi, mkoani Iringa, wakafa wasichana 12. Mwaka 2020 shule ya msingi ya Byamungu huko Kyerwa, mkoani Kagera, wakafa watoto 10. Yachore majina hayo matatu kwenye ramani. Hakuna hata moja lililo katikati ya mji mkubwa. Watoto wetu tunawapeleka kulala mabwenini mashambani, na vikosi tunavilaza mjini. Kila mara inaundwa tume, inatoa ripoti, inakumbusha juu ya milango miwili na madirisha yasiyo na nondo. Ushauri mzuri. Lakini nani alikuwa wa kwanza kufika usiku ule na ndoo? Ni mwalimu, mlinzi na wanakijiji.

Na hapa kwetu hali ni ileile kwa kipimo kidogo. Mwaka 2016 bani la jirani yangu lilishika moto usiku. Kwa asiyeijua kazi ya tumbaku, bani ni kijumba cha kukaushia majani kwa moto wa kuni unaowaka siku kadhaa mfululizo. Jani moja kavu likidondokea kwenye joto la chini, umekwisha. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea nyumba za nyasi. Nilipiga simu kwenye ofisi moja ya mjini. Kijana aliyepokea hakuwa na kiburi. Aliniamkia shikamoo, akaniuliza ni wapi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee wangu, huko ni mbali. Kwa sasa zimeni wenyewe."

Tukauzima wenyewe. Yowe lilipigwa, watu wakatoka. Vijana wakapanda juu ya nyumba ya pili wakaing'oa nyasi zote za paa kabla cheche hazijafika. Wanawake wakapanga mstari kutoka kisimani, ndoo ikapita mkono hadi mkono. Wengine walikata matawi mabichi wakapiga moto wa nyasi, wengine wakafyeka kipande cha ardhi kikabaki uchi. Nyumba zilinusurika. Bani na tumbaku yote vilikwenda. Deni la mbolea halikuungua. Jirani yangu alilipa misimu miwili tumbaku ambayo hakuiuza.

Simlaumu yule kijana wa simu, maana alisema kweli tupu. Hata leo, lori zito lenye maji likitoka Tabora, nyumba ya nyasi itakuwa imekwisha kuungua kabla halijafika mbali na mji. Ninachotaka ni kwamba neno lake lichukuliwe kwa uzito. "Zimeni wenyewe." Vema! Kama ndiyo sera, basi iandikwe, na sera ikiandikwa huwa na fungu lake. Ukiniambia nizime mwenyewe, nipe cha kuzimia.

Wanyamwezi hawajaanza leo kujikinga na moto. Wazungu waliopita njia ya misafara katika karne ya 19 walikuta vijiji vilivyozungushiwa uzio wa minyaa mibichi, na tembe zenye paa la udongo, kama ile ya Kwihara iliyojulikana kwa jina la Livingstone. Paa la udongo haliungui kama la nyasi. Watu walijua pia kufagia na kufyeka kuzunguka makazi kabla ya kiangazi kukaza. Wakati wa vita moto ulikuwa silaha: Agosti 1871 majeshi ya Mirambo yaliingia Tabora na kuchoma moto sehemu ya mji. Mtu aliyeishi katika nchi kama hiyo hawezi kuwa mjinga wa moto. Halafu kuna yowe, ambalo huku huitwa mwano. Likipigwa, kila mwenye nguvu hutoka, na asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Juu ya msingi huohuo ndipo sungusungu walipojengeka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wala hawakusubiri mtu atoke Dar es Salaam kuja kuwafundisha kukimbia.

Kwa hiyo tunaposema kijiji hakina zimamoto tunakosea. Kijiji kina zimamoto isiyo na pampu, isiyo na mafunzo, isiyo na bima na isiyo na shukrani.

Mfano mkubwa wa jambo hili tuliuona Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ndani walikuwamo watu 43; walikufa 19. Wa mwanzo kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima kwa kusaidia kuufungua mlango ambako abiria walitokea, na serikali ikamwajiri katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nililipigia makofi jambo hilo kama wengine. Baadaye nikajiuliza: ziwa liko pale siku zote, uwanja uko pale siku zote, wavuvi wako pale siku zote. Kwa nini ilibidi ndege ianguke ndipo mvuvi mmoja aonekane kuwa anafaa? Na wenzake waliopiga makasia pamoja naye, wao si zimamoto? Tumemchukua mmoja tukamvika sare, tukauacha ufukwe kama ulivyokuwa. Hivyo ndivyo alivyofanya mkoloni na babu zetu: alichagua wachache akawatia ndani ya kiduara, na kiduara hakikupanuka hata hatua moja.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa, "Nchi hii ni maskini, vijiji ni maelfu, huwezi kuweka gari la zimamoto kila kijiji." Ndugu yangu, nani ameomba gari? Gari ni wazo la mji. Hata gari likiletwa Goweko bure, litakosa mafuta mwezi wa pili, betri mwezi wa tatu, na mwezi wa nne kuku watakuwa wanataga ndani yake. Tazama Ujerumani, nchi ya watu waliotujengea reli. Huko wazimamoto walio wengi, karibu milioni moja, hawaajiriwi. Ni mafundi, wakulima na wauza maduka wanaojitolea katika vijiji na miji midogo, ila wamefundishwa, wamepewa vifaa, na sheria inawatambua. Vikosi vya kuajiriwa viko katika miji mikubwa tu. Marekani nako Benjamin Franklin na majirani zake waliunda chama cha kuzima moto Philadelphia mwaka 1736, kila mwanachama akiwa na ndoo zake za ngozi. Wenzetu hawakungoja utajiri ndipo wawe na zimamoto vijijini. Walichukua yowe lao wakalipa utaratibu. Mjerumani alituletea reli na boma na kodi ya kichwa. Hilo lililokuwa jema kuliko yote kijijini kwao aliliacha nyumbani.

Tunachodai ni kidogo, nami nitakitaja ili asiwepo wa kusema tunalalamika bila kupendekeza. Kila kijiji kiwe na vijana 10, wake kwa waume, waliochaguliwa na mkutano wa kijiji na kufundishwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa siku za kutosha, tena kijijini kwao, si kwenye hoteli ya mjini. Wapewe pampu ya kubebwa na watu wawili, mpira, ngazi, shoka, mapanga, buti, filimbi, na sanduku la huduma ya kwanza. Pawe na tangi la maji karibu na shule, zahanati na kituo cha reli, lisiloguswa kwa kupikia. Mwenye kuumia kazini atibiwe bure, na akifa familia yake isiachiwe mchango wa sahani ya harambee peke yake. Mwisho, sehemu ya ada inayokusanywa kwa jina la zimamoto irudi wilayani ikafanye mambo hayo. Fedha za pikipiki moja ya ofisi zingeanza kijiji kimoja.

Nitaambiwa pia kwamba watu wenyewe ndio wanaowasha moto, walina asali na wachoma mkaa na wafugaji, kwa hiyo wavune walichopanda. Ni kweli moto mwingi wa pori huwashwa na mikono yetu. Lakini hoja hii haijapata kutumika mjini. Nyumba ya mjini ikiungua kwa sababu mwenyewe aliunganisha umeme kienyeji, hatujasikia kikosi kikikataa kutoka kwa kuwa alijitakia. Hoja ya kujitakia husafiri kwa treni. Huanza kutumika ukishavuka mpaka wa manispaa.

Basi turudi kwa wale wa "faya ilikuwa faya". Siwaombi waseme kwamba mkoloni alikuwa mvivu. Naomba waseme sentensi yote, wasiikate katikati: faya ya mkoloni iliwahi kufika, kwa wachache, katika mitaa michache, kwa mabega ya Waafrika waliotoka mitaa ambayo yenyewe haikufikiwa. Wakiisema yote watagundua kwamba hakuna cha kukumbuka kwa majonzi hapo. Kazi iliyobaki ni ile ambayo haikuwahi kuanzwa. Wala tusijidanganye kwamba kununua magari mapya mekundu zaidi kwa ajili ya mitaa ileile ndiko kuifanya. Tutakuwa tumesugua shaba ya mkoloni tu.

Kiangazi kinakuja. Huku nyasi huanza kukauka mwezi wa sita, na kufikia wa tisa upepo unavuma kutwa. Tutafyeka, tutafagia, tutajaza ndoo, tutapiga mwano na watu watatoka, kama walivyotoka siku zote. Yule kijana wa simu asiwe na wasiwasi, tutazima wenyewe. Ila wale wanaopanga bajeti wajue kwamba sisi wa Goweko tunalirudia swali la wazee wetu waliochekwa: kikosi hiki kipo kwa ajili ya moto wa nani? Safari hii hatutakubali kujibiwa na uvumi.